Kabati la Mfalme na Mikono Iliyolitengeneza



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza habari za mshahara, saa za kazi na mikataba. Leo tutasoma kwa njia nyingine. Tutachukua kitu kimoja tu, tukiweke mbele yetu, tukigeuze huku na huku, kisha tuulize: Ni nani aliyekitengeneza? Ni nani aliyepata faida? Ni nani aliyeumia? Kitu chenyewe ni kabati la saraka la Kifaransa, la wakati wa wafalme, lililopambwa kwa njumu ya mbao na kwa bronzi iliyochovywa dhahabu.

Pengine ndugu mmoja atasema: "Mimi nachuma chai Teza, mwenzangu anakata miwa Moso, yule yuko kiwandani hapa Bujumbura. Kabati la mfalme linatuhusu nini?" Linatuhusu. Ndani ya habari za kabati hili mna ugonjwa wa kazi ambao waganga waliuandika vitabuni zaidi ya miaka mia moja kabla wafanyakazi hawajajengewa bomba zuri la kutolea moshi. Na ugonjwa huo haujaisha. Uko leo katika machimbo ya dhahabu ya Afrika ya Mashariki. Basi anayejua kusoma na amsomee mwenzake, na twende pole pole.

1. KABATI LENYEWE

Wafaransa huliita commode, maana yake kitu cha kufaa, kisichosumbua. Zamani matajiri wa Ulaya walitia nguo zao masandukuni, kama watu wa pwani yetu walivyotia mali zao katika masanduku ya njumu za shaba. Taabu ya sanduku kila mtu anaijua: ukitaka nguo iliyo chini, huna budi kutoa zote za juu. Saraka ziliondoa taabu hiyo. Mwaka 1708 fundi André-Charles Boulle wa Paris alitengeneza makabati mawili ya namna hii kwa jumba la Trianon la Mfalme Louis wa 14. Baada ya hapo kila bwana mkubwa akataka lake, na kwa miaka themanini iliyofuata mafundi wa Paris hawakupumzika.

Sasa tulitazame. Ndani kabisa mna kiunzi cha mti wa kawaida wa Ulaya, mwaloni au msonobari. Kiunzi hicho hakionekani. Juu yake imegandishwa ngozi nyembamba ya mbao za thamani, unene wake kiasi cha milimita mbili. Juu ya ngozi hiyo, penye pembe, miguu, vishikio na matundu ya ufunguo, yamepigiliwa mapambo ya bronzi yanayong'aa kama dhahabu. Na juu ya yote limelazwa bamba la marmar.

Kwa hiyo kabati hili lina tabaka nne: mti wa kawaida, mti wa thamani, madini na jiwe. Kila tabaka ina wafanyakazi wake. Mgeni anayeingia sebuleni huona tabaka za juu tu. Sisi tutazibandua moja moja.

2. NJUMU YA MBAO

Neno njumu si geni. Mtu aliyekiona kiti cha enzi cha Lamu, kilichotiwa vipande vya pembe, amekwisha kuona kazi ya njumu. Wafaransa walitia njumu ya mbao ndani ya mbao: maua, ndege, vyombo vya muziki, mandhari nzima ya nchi, yote kwa vipande vya mti wa rangi mbalimbali bila tone la rangi ya kupaka.

Mbao hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Brazil na nchi jirani za Amerika ya Kusini. Upo mti wa rangi ya zambarau, upo wa rangi ya waridi, upo wenye michirizi ya urujuani. Hii miwili ya mwisho ni ukoo mmoja na mpingo wetu wa Afrika ya Mashariki. Katika makoloni hayo kazi nzito ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiwa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika. Basi tangu hatua ya kwanza, kabla msumeno wa Paris haujagusa gogo, jasho la Mwafrika lilikuwa limekwisha kuingia katika biashara hiyo.

Gogo likifika Paris, lilipasuliwa na watu wawili wenye msumeno wa fremu, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakivuta na kurudisha mchana kutwa. Kupasua ubao wa milimita mbili kwa mkono, bila kuuvunja na bila kuukonda upande mmoja, ni kazi ya ustadi na ya nguvu pamoja. Kila ubao ulioharibika ulikuwa hasara, na gogo lilikuwa la bei kubwa.

Kisha huja fundi wa njumu. Kwanza ua huchorwa kwenye karatasi. Kila jani na kila petali hukatwa peke yake kwa msumeno mwembamba kama uzi. Ili jani lionekane lina kivuli, fundi hukitumbukiza kipande chake katika mchanga wa moto, upande mmoja tu, mpaka ukingo wake uungue kidogo na kuwa mweusi. Akikiacha sekunde chache zaidi, kimeharibika. Vipande vyeupe vilitiwa rangi ya kijani au ya buluu kwa kuvitosa katika maji ya rangi. Mwisho vipande vyote hupangwa, hubandikwa kwa gundi ya moto iliyotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hukandamizwa, hukwanguliwa, na kusuguliwa mpaka mkono ukipita juu usisikie penye kiungo.

Tukiliona kabati kama hilo leo katika picha, twaona rangi ya kahawia tu. Tusidanganyike. Mwanga wa jua wa miaka mingi umeifuta rangi. Siku lilipotoka kwa fundi lilikuwa na rangi kali, kama kitambaa kipya kutoka dukani.

3. BRONZI NA DHAHABU

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi mafundi hao walitia zinki pia. Kwenye kabati ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ulinzi: pembe ya kabati ndiyo inayogongwa, mguu ndio unaopigwa na ufagio, tundu la ufunguo ndilo linalokwaruzwa. Kazi ya pili ni urembo. Mwanga wa mishumaa ulipoipiga dhahabu ile usiku, chumba kizima kilimetameta.

Ili kupata kishikio kimoja tu cha saraka, walihitajika watu wanne au watano. Mmoja alichonga mfano wake kwa nta au kwa mti. Wa pili aliukandamiza mfano katika mchanga ili kupata kalibu. Wa tatu alisubu, yaani alimimina madini yaliyoyeyuka. Kipande kikitoka katika kalibu kina makovu na kingo mbaya, ndipo huja fundi wa nakshi. Huyu, kwa tindo na nyundo ndogo, hukifanyia kazi kila jani na kila ndevu ya simba, siku baada ya siku.

Wa mwisho ni mchovyaji dhahabu. Tumkazie macho huyu, maana yeye ndiye moyo wa somo letu.

Mchovyaji alichukua dhahabu na kuiyeyusha ndani ya zebaki. Zebaki ni madini ya ajabu: ni mazito kuliko risasi, lakini hutiririka kama maji. Dhahabu ikikutana nayo hulainika, na vitu hivyo viwili hufanya uji mzito kama siagi. Bronzi ilisafishwa kwa tindikali, kisha uji ule ulipakwa juu yake kwa brashi ya waya. Baada ya hapo kipande kiliwekwa juu ya makaa. Zebaki hugeuka mvuke na kupotea hewani. Dhahabu hubaki, imeshikamana na bronzi. Kazi hii ilirudiwa mara kadhaa kwa kipande kimoja, maana kupaka mara moja hakukutosha. Mwisho dhahabu ilisuguliwa kwa jiwe gumu mpaka ing'ae.

Tumesema kwamba zebaki "hupotea hewani". Kwa mwenye kabati ilipotea. Kwa mtu aliyesimama mbele ya makaa akikigeuza kipande kwa koleo na kukipiga brashi, haikupotea. Iliingia kifuani mwake.

Na tusisahau kwamba dhahabu na zebaki nazo zilichimbwa na watu. Katika karne hiyo dhahabu nyingi ya Ulaya ilitoka Brazil, ikichimbwa na watumwa wa asili ya Afrika. Zebaki ilitoka katika machimbo makubwa ya Ulaya, kama Almadén huko Hispania, ambako kwa muda mrefu walitumiwa wafungwa na watumwa. Hivyo kabla dhahabu haijafika kwenye tanuru la Paris ilikuwa imekwisha kuua watu katika nchi mbili.

4. NI NANI ALIYEGONGA JINA LAKE?

Ukiliinua bamba la marmar, mara nyingi utakuta jina limegongwa kwenye kiunzi kwa mhuri wa chuma. Ni jina la bwana fundi, mwenye karakana. Mafundi wa mbao wa Paris walikuwa na chama chao, na sheria zake za mwaka 1743, zilizoanza kutekelezwa mwaka 1751, zilimlazimu kila bwana fundi agonge jina lake. Kando yake wakaguzi wa chama waligonga herufi zao, JME, kuonyesha kwamba kazi imekaguliwa.

Kwenye bronzi za miaka ya 1745 hadi 1749 utakuta alama nyingine ndogo: herufi C yenye taji juu yake. Hiyo ilikuwa alama ya kodi ya mfalme juu ya vitu vya shaba.

Basi bwana fundi aligonga jina lake, chama kikagonga herufi zake, mfalme akagonga taji lake. Mpasuaji magogo, mkataji maua na mchovyaji dhahabu hawakuwa na mhuri.

Chama hicho kilikuwa chama cha namna gani? Tusikichanganye na chama cha wafanyakazi kama chetu. Kilitawaliwa na mabwana wenye karakana. Kilipanga nani aruhusiwe kufungua karakana, ada yake iwe kiasi gani, na kila kazi ifanywe na chama gani. Fundi wa mbao alikatazwa kusubu bronzi. Msubu bronzi alikatazwa kutengeneza kabati. Charles Cressent, mmoja wa mafundi mashuhuri wa wakati huo, alishtakiwa zaidi ya mara moja kwa sababu alitengenezesha bronzi ndani ya karakana yake mwenyewe. Mafundi wa mishahara, waliokuwa wengi, hawakuwa na sauti katika mambo hayo.

Walikuwako pia mafundi waliofanya kazi nje ya chama, hasa katika mtaa wa Saint-Antoine, mashariki ya Paris. Wengi wao walikuwa wageni kutoka nchi za Ujerumani. Mtaa ule ulijaa kelele za randa na nyundo, kama Buyenzi yetu inavyojaa kelele za mafundi tangu asubuhi. Mgeni aliyejua kazi alipata pa kuanzia pale, lakini alikuwa mikononi mwa anayenunua.

Na aliyenunua mara nyingi hakuwa mfalme mwenyewe. Palikuwa na wafanya biashara wakubwa ambao kwa sheria hawakuruhusiwa kutengeneza kitu, ila kuuza na kupamba. Hao ndio waliowajua matajiri, wakajua kinachopendwa mwaka huu, wakaagiza mbao kwa huyu, bronzi kwa yule, kisha wakauza kitu kizima. Fundi wa mbao hakumwona mwenye kukaa na kabati, na mwenye kukaa nalo hakumjua mchovyaji. Mlimaji wa kahawa wa kwetu, ambaye hajui kikombe chake kitanyweka mji gani na kwa bei gani, ataielewa hali hiyo bila kuelezwa sana.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1739 kabati kubwa la saraka liliwekwa katika chumba cha kulala cha Mfalme Louis wa 15 huko Versailles. Leo limo katika jumba la makumbusho la Wallace Collection mjini London. Tunajua kwamba Antoine-Robert Gaudreaus alishughulikia mbao, na Jacques Caffieri bronzi. Ni jambo nadra kuyajua majina mawili ya kabati moja. Lakini dhahabu ile inayong'aa mpaka leo ilikaa juu ya makaa mbele ya uso wa mtu fulani, naye katika habari za kabati hilo hatajwi.

5. MOSHI WA ZEBAKI

Mwaka 1700 mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Yeye hakukaa chumbani akisoma tu. Aliingia katika karakana, akaongea na watu, akatazama mikono yao. Aliwafundisha waganga wenzake kwamba, pamoja na maswali wanayomwuliza mgonjwa, waongeze moja: Unafanya kazi gani? Swali fupi, lakini kabla yake waganga wengi walilisahau.

Katika kitabu hicho Ramazzini alieleza hali ya wachovyaji dhahabu: shingo na mikono hutetemeka, meno huanguka, miguu hulegea, na ni wachache wanaofika uzeeni. Leo tunajua sababu. Mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi, ukapita katika damu mpaka ubongoni. Mtu huanza kukosa usingizi. Hukasirika upesi, husahau, huona haya mbele ya watu. Mikono hutetemeka hata hawezi kushika kijiko. Fizi huvimba na mate humtoka. Jamaa zake husema amekuwa mlevi au amerogwa, kumbe ni kazi.

Wahenga walisema: Mchumia juani hulia kivulini. Mchovyaji dhahabu alichumia motoni, na wengi hawakukiona kivuli.

Je, palikosekana dawa? Hapana. Mwaka 1814 alifariki Antoine-André Ravrio, mwenye karakana ya bronzi mjini Paris. Alikuwa amewaona wachovyaji wakiharibika miaka yote ya kazi yake. Katika wasia wake aliacha faranga 3,000 ziwe zawadi ya mtu atakayevumbua njia ya kuwakinga. Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza shindano, na mwaka 1818 zawadi ilitolewa kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet.

Na uvumbuzi wake ulikuwa nini? Ulikuwa tanuru lenye bomba zuri. D'Arcet aliweka moto mdogo wa pembeni chini ya bomba. Moto ule uliipasha hewa joto, hewa ikapanda kwa nguvu, ikavuta pamoja nayo mvuke wa zebaki kutoka mezani kwa fundi. Mbele ya fundi paliwekwa kioo ili aone kazi yake bila kuuinamia mvuke. Matofali, bomba, kioo na moto kidogo: hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho hakikuwako mwaka 1700. Waashi wa Paris walijua kujenga mabomba ya moshi tangu zamani. Waliyajenga katika vyumba vya matajiri ili moshi usiharibu mapazia.

Tangu Ramazzini kuandika mpaka d'Arcet kupewa zawadi ni miaka 118. Tuhesabu ni vizazi vingapi vya wachovyaji vilivyopita hapo katikati. Baadaye, katika miaka ya 1840, ilienea njia ya kuchovya dhahabu kwa umeme, na zebaki ikaanza kuachwa katika kazi hiyo.

6. KWA NINI ILICHUKUA MIAKA 118?

Hili ndilo swali kubwa la somo letu. Elimu ilikuwako. Vifaa vilikuwako. Fedha zilikuwako, maana kabati moja tu la fahari lilimgharimu tajiri fedha ambazo mfanyakazi hakuziona maishani. Kilichokosekana ni kwamba wale waliovuta mvuke hawakuwa na mahali pa kusema pamoja: "Hatuwashi moto mpaka bomba lijengwe."

Mchovyaji aliyelalamika peke yake aliambiwa aende zake, na mwingine mwenye njaa akashika brashi yake. Chama cha mabwana hakikuwa chake. Wafalme walipopinduliwa, mambo hayakubadilika upesi kwa upande huu. Mwaka 1791 vyama vya zamani vya mabwana vilifutwa. Lakini mwaka huo huo, tarehe 14 Juni, baada ya maseremala wa majengo wa Paris kuungana kudai mshahara, ilitoka sheria ya Le Chapelier iliyokataza wafanyakazi kuungana kabisa. Mwaka 1803 mfanyakazi akalazimishwa kuwa na kitabu cha kazi kilichowekwa mkononi mwa mwajiri, mfano wa kipande walichovikwa Waafrika wa Kenya wakati wa ukoloni. Kugoma kuliacha kuwa kosa la jinai mwaka 1864. Chama cha wafanyakazi kilihalalishwa mwaka 1884.

Tuangalie basi: katika miaka yote ya kabati hili, mfanyakazi alitegemea huruma. Ravrio alikuwa na huruma, na tunamheshimu kwa wasia wake. Lakini ilibidi kungoja mwajiri mmoja mwema afe ndipo ukinzaji utafutwe. Kinga inayongoja wasia wa tajiri huwafikia watu makaburini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wafanyakazi wa nchi nyingi walipokwisha kuungana, mambo yalikwenda haraka zaidi. Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919. Mwaka 1925 lilipitisha mkataba wa fidia kwa magonjwa ya kazi, na orodha yake ya kwanza ilikuwa na vitu vitatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Zebaki ilikuwa miongoni mwa vitatu vya kwanza. Mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni moja katika haki za msingi za mfanyakazi, ambazo kila nchi mwanachama hana budi kuziheshimu.

7. KWETU SASA

Ndugu mchimbaji mdogo wa dhahabu, iwe Geita Tanzania au Migori Kenya, husaga mawe, huchanganya unga wake na zebaki, hukamua uji katika kitambaa, kisha huuchoma juu ya makaa mpaka ibaki dhahabu. Tumeiona wapi kazi hiyo? Ni kazi ile ile ya mchovyaji wa Paris. Uji ni ule ule, makaa ni yale yale, mvuke ni ule ule. Leo uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio njia kubwa kuliko zote ambayo wanadamu humwaga zebaki hewani duniani. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo na pale inapowezekana ziyakomeshe.

Kwetu Burundi nako dhahabu huchimbwa na watu wadogo, kama huko Mabayi, kaskazini-magharibi. Wengi wetu tuna mdogo au shemeji aliyeacha shamba akaenda machimboni. Tumpelekee maneno haya:

(a) Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Usingoje kuuona.

(b) Kitambaa cha mdomoni hakiuzuii.

(c) Usichome kamwe ndani ya nyumba wala jikoni. Mvuke hushika ukutani na chakulani, na mama mwenye mimba na watoto huumia kuliko wengine.

(d) Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hushika mvuke na kuirudisha zebaki. Ni mtoto wa tanuru la d'Arcet. Kikundi kinaweza kununua kimoja kwa pamoja. Nacho kitumiwe nje, mbali na watu.

(e) Mikono ikianza kutetemeka, nenda hospitali, na useme mwenyewe kazi unayofanya hata kama hukuulizwa.

Lakini somo halikuishia kwenye zebaki. Ndugu wa shamba la pamba bondeni Imbo, dawa unayonyunyizia ina jina gani, na upepo unavuma kuelekea wapi? Ndugu fundi wa betri unayeyeyusha risasi, watoto wanacheza umbali gani? Ndugu seremala, vumbi la mbao na harufu ya vanishi vinatokea dirisha gani? Ndugu wa kiwandani, feni iliyoharibika mwaka jana imetengenezwa? Kila mahali pa kazi pana zebaki yake. Mara nyingi kinga yake ni jambo dogo kama bomba: dirisha, maji ya kunawa, glavu, zamu fupi. Na kwa wale walioandikishwa, Shirika la Taifa la Hifadhi ya Jamii, INSS, linashughulikia hatari za kazini pamoja na pensheni. Hakikisha jina lako limo, maana mwenzetu wa Paris jina lake halikuandikwa popote.

Kabati la mfalme ni zuri, wala hatusemi watu wasilitazame. Ustadi ule ni wa wafanyakazi wenzetu, na ni haki yetu kujivunia. Tukiiona picha yake, tulitazame ua la njumu tukamkumbuke aliyelikata. Tuitazame dhahabu tukamkumbuke aliyetetemeka. Kisha turudi kazini kesho tukatafute palipo na moshi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Taja wafanyakazi wote waliohusika na kishikio kimoja cha saraka, tangu machimboni mpaka karakana. Ni nani kati yao aliyeweza kukataa kazi ya hatari?

2. Chama cha mabwana wa Paris na chama cha wafanyakazi vinatofautianaje?

3. Mahali pako pa kazi pana hatari gani ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyeisema? Kinga yake ingegharimu nini?

4. Nani ataandika hatari hiyo kwenye karatasi, nani ataipeleka, na siku gani? Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali hili.